Ile Taa Ilikuwa ya Nini?

Haya ni maneno niliyoyasema jioni ya 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, mbele ya wanafunzi, walimu na wauguzi wa hospitali yetu. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu, kwa kuwa siku hii haiwezi kutukusanya sote. Lazima wengine wabaki na wagonjwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, Metroni wetu, madaktari na wakunga mliokuja, wauguzi wenzangu, na nyinyi wanangu wa mwaka wa kwanza mliokaa huku mbele na sare mpya: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo marahaba.

Naona mishumaa imeshapangwa pale mezani. Nikimaliza mimi, taa za ukumbi zitazimwa, mishumaa itawashwa, na mtasema kiapo. Nimestaafu sasa, lakini mshumaa huo nimeushika zaidi ya mara thelathini. Kwa miaka mingi kila nilipoushika nilimwona akilini mama mmoja wa Kizungu, Florence Nightingale, mpole, kitambaa kichwani, taa mkononi, anapita kati ya vitanda, na askari wanageuka wakibusu kivuli chake ukutani. Picha nzuri. Ilinifariji usiku mwingi. Lakini nilipoanza kufundisha, nikalazimika kuyasoma maisha yake kwa makini nisije nikawadanganya wanafunzi, niliona picha ile imetuficha jambo. Basi jioni hii nina swali moja, na nitalirudia. Ile taa ilikuwa ya nini?

Florence Nightingale alizaliwa 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake Waingereza wakiwa safarini. Wakampa jina la mji. Dada yake alikuwa amezaliwa Naples mwaka mmoja kabla, naye akaitwa Parthenope, jina la kale la Kigiriki la mji ule. Walikuwa watu wenye mali: nyumba moja Lea Hurst kule Derbyshire, nyingine kubwa zaidi Embley, Hampshire. Baba aliwafundisha mabinti zake mwenyewe, Kigiriki, Kilatini, historia na hesabu, jambo geni kwa wasichana wa wakati ule. Hesabu zilimwingia Florence, hazikumtoka tena.

Akiwa na miaka 16, tarehe 7 Februari 1837, aliandika kwamba Mungu amesema naye na kumwita katika utumishi wake. Hakuambiwa utumishi gani. Ilimchukua miaka kujua kuwa ni wa wagonjwa, na alipojua, nyumba nzima ilimgeuka.

Wanangu, lazima mwelewe nesi alikuwa nani Uingereza siku zile. Alikuwa mwanamke maskini, hana mafunzo, mara nyingi analala humo humo wodini, na watu wanamsema kwa ulevi. Binti wa tajiri kutamka kwamba anataka kazi hiyo ilikuwa aibu ya ukoo. Mwaka 1845 Florence aliomba akajifunze katika hospitali ya Salisbury, si mbali na kwao. Wazazi wakakataa katakata, mpango ukafa.

Nani hapa hajakutana na hilo? Mimi nilipomwambia marehemu mama kwamba nimechaguliwa uuguzi, alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akaniuliza, "Yaani utakuwa unawatawaza watu wazima?" Sikuwa na jibu. Niliondoka nyumbani na begi langu bila kuagwa vizuri, na mama alikuja kunibariki miaka minne baadaye, siku nilipomuuguza yeye mwenyewe.

Florence alikaa na ile "hapana" miaka mingi. Mwaka 1849 alimkataa Richard Monckton Milnes, mshairi na mbunge aliyemposa kwa muda mrefu, na mwanamume ambaye yeye mwenyewe alimpenda. Aliogopa kuwa mke wa mtu mkubwa, atumie umri wake kupanga karamu.

Na miaka hiyo ya kungoja alifanya nini? Sikilizeni hapa. Aliamka kabla ya alfajiri, wengine wamelala, akawasha mshumaa, akasoma taarifa za serikali kuhusu hospitali na afya ya miji. Kurasa kavu zilizojaa majedwali. Wangapi walilazwa, wangapi walikufa, kwa ugonjwa gani, mtaa gani. Akajaza madaftari kwa madaftari. Kukipambazuka anashuka sebuleni kuwa binti wa nyumbani kama kawaida. Kwa hiyo kabla ya taa ile ya vitani palikuwa na mshumaa huu, na huu ulikuwa wa kusomea hesabu za vifo.

Mwaka 1851, ana miaka 31, ndipo alipopata mafunzo Kaiserswerth, Ujerumani, katika taasisi ya Mchungaji Theodor Fliedner. Miezi mitatu tu. Nyinyi mna miaka mitatu. Mwaka 1853 akapewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake pale Upper Harley Street, London, na madai yake ya kwanza kwa kamati yalikuwa ya fundi bomba na seremala: maji ya moto yapande kwa bomba hadi kila ghorofa, iwepo lifti ndogo ya kupandishia chakula, na kengele za wagonjwa ziwe na kibao kinachobaki wazi, ili nesi aliye koridoni aone nani ameita. Pasipo hivyo, alisema, nesi anageuka kuwa miguu tu. Nililisoma neno hilo nikafunga kitabu nikacheka kwa furaha, maana nilizikumbuka zamu zangu zote nilizozimaliza nikiwa miguu tu, mtu wa kukimbilia maji jengo la pili huku mgonjwa wangu ananiita.

Mwaka mmoja baadaye ikaja Scutari.

Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeingia vitani upande wa Waturuki dhidi ya Urusi. Mapigano yalikuwa Crimea, ng'ambo ya Bahari Nyeusi, na majeruhi wa Kiingereza walivushwa kwa meli hadi Scutari, upande wa Asia wa Istanbul, mahali panapoitwa leo Üsküdar. Hospitali yao ilikuwa kambi kubwa ya askari waliyopewa na Waturuki. William Howard Russell wa gazeti la The Times alikuwa anatuma habari kutoka vitani, na wasomaji kule London walipoelewa kwamba vijana wao wanalala sakafuni na vidonda vyao, nchi ikachachamaa. Waziri Sidney Herbert, rafiki wa Florence, akamwomba aende. Akaondoka London tarehe 21 Oktoba 1854 na wanawake 38: masista wa Kikatoliki, masista wa Kianglikana, na manesi wa hospitali.

Walifika mwanzoni mwa Novemba, mapigano ya Inkerman kule Crimea yakiwa mlangoni. Madaktari wa jeshi hawakuwataka. Wanawake hawa wametumwa na nani? Watatusemea kwa nani? Wodi zikafungwa mbele yao. Florence akafanya jambo lililowaudhi hata wenzake: akaamuru asiwepo nesi wa kumgusa mgonjwa mpaka daktari aombe. Wagonjwa wanalia upande wa pili wa ukuta, wao wanakaa wanashona bandeji na kujaza magodoro. Mngeweza? Mimi sijui kama ningeweza. Lakini alijua kwamba nesi akiingia wodini kwa ubishi atatolewa kwa amri, na akitolewa hatarudi. Siku chache tu, majeruhi wakamiminika kwa mamia, madaktari wakaelemewa, wakaita. Hawakutoka tena.

Walikuta nini mle ndani? Florence aliandika kuwa wana maili nne za vitanda, nafasi kati ya kitanda na kitanda haifiki hata inchi 18. Hapana mashuka ya kutosha, hapana sabuni, hapana taulo. Chawa na panya. Vyoo vimeziba na uchafu umefurika hadi kwenye vyumba vya mbele. Kwa fedha zilizochangwa kupitia The Times na fedha zake mwenyewe, alinunua mashati, soksi, vijiko, visu, mabeseni. Alikodi nyumba, akaweka masufuria makubwa, akawaajiri wake wa askari wafue nguo. Na usiku, kazi za mchana zikiisha, alichukua taa akapita.

Hiyo taa, wanangu, wachoraji wengi wamekosea. Wameichora kijitaa cha mafuta chenye mdomo kama wa birika, cha hadithi za majini. Aliyoishika ilikuwa taa ya Kituruki inayokunjika, na mshumaa ndani yake. Wenyewe huita fanusi. Sisi wa pwani neno tunalo. Bibi yangu alikuwa na fanusi ya vioo vinne, alitoka nayo usiku kwenda kuzalisha, kabla mtaa wetu haujawa na umeme, na aliponiruhusu kuibeba alinionya: usiilekeze usoni mwako utapofuka, ielekeze unakotaka kuona. Nilikuwa na miaka saba. Sikujua kwamba nimepewa somo la uuguzi.

Florence aliielekeza wapi? Kwa wagonjwa, ndiyo. Aliwaandikia barua wasiojua kuandika, alikaa na waliokuwa wanakata roho. Hayo ni kweli na sitaki mtu ayadharau. Lakini aliielekeza pia sakafuni, ukutani, chini ya vitanda, kwenye madaftari. Aligundua kwamba vifo viliandikwa kwenye madaftari matatu tofauti na hesabu hazilingani. Watu walizikwa na hawamo katika orodha ya waliokufa. Fikirini. Mama anangoja barua kule kijijini kwao, na mwanawe hata jina lake halimo katika idadi ya maiti.

Na sasa nafika mahali pagumu, nawaomba mnisikilize vizuri. Alipofika Florence Nightingale na manesi wake, vifo vilipungua?

Havikupungua. Viliongezeka. Majira ya baridi yale yalikuwa mabaya kuliko yote. Meli zilileta vijana wenye kipindupindu, kuhara damu, homa ya chawa, kiseyeye, vidole vilivyokufa kwa baridi. Katika hospitali ile walikufa askari zaidi ya 4,000 ndani ya majira hayo peke yake. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100, walikufa 42. Manesi walikuwepo. Supu ilikuwepo. Mashati safi yalikuwepo. Taa ilikuwa inapita kila usiku. Upendo ulikuwepo Desemba. Upendo ulikuwepo Januari. Upendo ulikuwepo Februari, na watu walikuwa wanakufa 42 katika 100.

Machi ikafika tume ya usafi kutoka London, Dakta John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Wakachimba. Wakakuta jengo zima limekaa juu ya mashimo ya uchafu na mifereji iliyoziba, hewa yake inapanda wodini. Mfereji wa maji ya kunywa walipoufuata, wakakuta maji yanapita kwenye mzoga wa farasi. Wakazoa mizoga na takataka, wakazibua mifereji, wakapaka kuta chokaa, wakatoboa njia za hewa. Ilipofika Juni walikuwa wanakufa wawili hivi katika 100.

Kutoka 42 hadi 2. Kwa koleo, chokaa na maji safi.

Nimewahi kumsimulia muuguzi mmoja habari hii akakasirika, akaniambia namvunjia heshima Florence. Ndugu zangu, namheshimu zaidi kwa sababu hii kuliko kwa sababu ya kile kivuli. Kwa nini? Kwa sababu alirudi nyumbani shujaa, nchi nzima inamwimba, fedha zimechangwa kwa jina lake, na angeweza kunyamaza aendelee kusifiwa. Alirudi Agosti 1856 kwa jina la kujificha, Miss Smith, akakwepa mapokezi yote. Kisha akakaa chini na William Farr, mtaalamu wa takwimu, wakazipanga zile hesabu za vifo mwezi kwa mwezi, na akakubali kilichosemwa na hesabu: sifa ya kuliokoa jeshi aliwapa wale wa mifereji.

Hesabu zilisema pia kwamba karibu askari 16,000 wa Uingereza waliuawa na maradhi katika vita ile, mara kadhaa ya waliouawa na risasi na majeraha. Maradhi ambayo mengi yao yangezuilika. Wakubwa wa jeshi hawakutaka kusikia. Kwetu husemwa mficha maradhi kilio humfichua, na Florence aliwapelekea kilio chenyewe, kimechorwa. Alijua mbunge hasomi jedwali, akachora duara lililogawanywa vipande kumi na viwili kama saa, kila kipande mwezi mmoja. Buluu ni waliokufa kwa maradhi ya kuzuilika, nyekundu ni majeraha, nyeusi ni sababu nyingine. Ukilitazama huhitaji kujua kusoma. Buluu inameza kila kitu. Mwaka 1858 Chama cha Takwimu cha London kikamchagua kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza. Akaendelea, akaonyesha kwamba hata wakati wa amani, vijana wenye afya walioandikishwa jeshini walikufa kambini karibu mara mbili ya raia wa umri wao. Kambini, Uingereza kwenyewe, pasipo adui.

Wauguzi wenzangu, naomba niseme la kwangu. Nilipokuwa kijana kazini, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, watoto wachanga walianza kuugua, mmoja baada ya mwingine. Kitovu kinavimba, mtoto anapata homa, wengine tukawapoteza. Tulihuzunika. Tulisali pamoja na mama zao. Tuliandika kila kifo kwenye rejesta kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyerudi kuzisoma kurasa za nyuma. Mpaka usiku mmoja sista mmoja wa makamo, mkimya sana, akachukua ile rejesta na kalamu nyekundu, akakaa chini ya taa ya mezani wakati sisi tunasinzia. Asubuhi akatuonyesha. Wote waliougua walizaliwa siku ambazo beseni moja la kuogeshea lilitumika kwa watoto wote, kwa kuwa mengine yalikuwa yamepasuka na hayajaletwa mapya. Beseni tu! Tulikuwa tunawaogesha kwa upendo mkubwa sana.

Sijawahi kuacha kulifikiria beseni lile. Ndiyo maana nawauliza tena, ile taa ilikuwa ya nini?

Mengine ya maisha ya Florence nitayapita haraka, maana mgeni rasmi ana safari. Aliugua homa kali akiwa Balaclava, bandari ya kule Crimea, mwaka 1855, na haikumwacha mwili wake salama. Tangu 1857 aliishi miaka mingi kitandani au chumbani, na kazi zake nyingi kubwa alizifanya akiwa mgonjwa, kwa kalamu. Aliandika maelfu kwa maelfu ya barua. Aliisukuma serikali juu ya usafi wa India kwa miongo kadhaa, na India hakuikanyaga.

Mwaka 1860, kwa fedha zile alizochangiwa, shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, na wanafunzi 15. Hapo ndipo uuguzi ulipoanza kuwa taaluma: mwanafunzi ana mwalimu, ana mahali pa kulala penye heshima, anapimwa kwa anachokijua. Kati ya waliopita pale ni Agnes Jones. Huyu namtaja kwa sababu jina lake linasahaulika. Mwaka 1865 alipelekwa Liverpool kuongoza uuguzi katika hospitali ya nyumba ya maskini, mahali ambapo wagonjwa zaidi ya elfu moja waliuguzwa na maskini wenzao wasiojua lolote. Alikwenda na manesi 12 waliofunzwa. Miaka mitatu baadaye homa ya chawa ilimuua, ana miaka 35. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba asiye na senti naye anastahili nesi aliyefundishwa. Kila anayefanya kazi katika hospitali ya umma anatembea alipotembea Agnes.

Kisha kuna kile kitabu kidogo cha Florence cha mwaka 1859, maelezo juu ya uuguzi. Hakukiandikia wataalamu, alikiandikia mwanamke yeyote anayeuguza nyumbani. Cha kwanza kabisa anachodai humo ni hewa: hewa anayovuta mgonjwa iwe safi kama ya nje, bila ya kumtia baridi. Anaonya kuhusu daktari na ndugu wanaosimama nje ya mlango wakinong'ona, kwa kuwa mgonjwa ndani anakaza masikio na kila asilolisikia analijaza kwa hofu. Mnafanya hivyo kwenye makabidhiano, nimewaona. Mnasimama mguuni pa kitanda mnamzungumzia mtu kwa sauti ya chini kana kwamba hayupo.

Na anasema juu ya chakula. Sisi tuna methali, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake usingoje akuombe, mletee. Florence anakwenda hatua moja mbele: umemletea, je, ameula? Anasema maelfu ya wagonjwa hufa njaa kila mwaka chakula kikiwa tele, kwa sababu kililetwa saa asiyoweza kula, kikaachwa pembeni kikapoa, kikaondolewa. Nesi akaandika amepewa. Nani alitazama bakuli lilirudi na kiasi gani?

Sura ninayoipenda kuliko zote inahusu usimamizi mdogo mdogo. Kiini chake ni hiki: lile unalolifanya ukiwepo, limepangwaje lifanyike usipokuwepo? Anasema kazi yote ya nesi mzuri inaweza kuharibika kwa kukosa jambo hili moja. Kuna wauguzi, nami nilikuwa mmoja wao, wanaona fahari kusikia "bila wewe sista wodi hii haiendi". Nilisifiwa hivyo miaka. Nilipougua mimi wiki mbili, mgonjwa wangu mmoja wa kisukari hakupimwa sukari siku tatu, kwa sababu ratiba yake ilikuwa kichwani mwangu na si kwenye faili. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini sifa ile sikuipokea tena.

Sasa, haki lazima isemwe. Kila mwaka mwanafunzi mmoja ananyanyua mkono na kuuliza, "Mwalimu, na weusi walikuwa wapi?" Swali zuri sana. Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805, mama yake mganga na mwenye nyumba ya kulaza wagonjwa. Alikuwa ameuguza kipindupindu na homa ya manjano kabla Florence hajaiona Scutari. Mwaka 1854 alikwenda London kuomba kujiunga na wale manesi. Akakataliwa, na mwenyewe alijiuliza kama ni rangi ya ngozi yake. Hakurudi nyumbani. Alijilipia nauli hadi Crimea, akafungua nyumba ya chakula na huduma karibu na Balaclava, akawafuata majeruhi hadi uwanja wa mapigano. Vita ilipokwisha alikuwa amefilisika. Florence, katika barua yake moja ya miaka ya baadaye, alimwandika vibaya. Inaniuma kulisema siku hii, lakini limo. Vilevile alipinga wauguzi kusajiliwa kitaifa, na alichelewa kukubali habari ya vijidudu. Aliyekuwa tayari kusahihishwa na hesabu za Scutari hakuwa tayari kusahihishwa na kila mtu. Mwaka 2016 Seacole aliwekewa sanamu, na iko kwenye uwanja wa hospitali ile ile ya St Thomas', inatazama bunge. Nawaomba leo mkiwasha mishumaa mmkumbuke naye.

Hata Kiapo cha Nightingale, kile ambacho viapo vingi vya wauguzi vimekichota, hakukiandika yeye. Kilitungwa mwaka 1893 Detroit, Marekani, na Lystra Gretter na wenzake, wakakipa jina lake kwa heshima.

Sauti ya Florence ipo. Tarehe 30 Julai 1890 ilirekodiwa kwenye silinda ya nta, kwa ajili ya kuwachangia askari wazee wa Balaclava waliokuwa wanakufa maskini. Nimeisikiliza mara nyingi. Inakwaruza, inatetema, ni ya bibi wa miaka 70. Anasema atakapokuwa hata si kumbukumbu tena, jina tu, anatumaini sauti yake itaiendeleza kazi kubwa ya maisha yake. Halafu anawaombea wenzake wa zamani Mungu awafikishe salama ufukweni.

Alifariki London tarehe 13 Agosti 1910, ana miaka 90. Alikuwa amekataza makuu, hivyo jamaa zake hawakukubali azikwe Westminster Abbey. Yuko East Wellow, Hampshire, kwenye kaburi la familia, na jiwe limeandikwa herufi mbili, F.N., tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa.

Metroni, nimemaliza, tuzime taa za ukumbi. Wanaoingia zamu ya usiku leo wasogee mbele wawashe kwanza, wasichelewe kupokea wodi. Na wa wodi ya wazazi, rejesta ya mwezi uliopita nimeiona kwenye kabati la dawa. Ishusheni iwe mezani, penye mwanga.